Sikumngoja Amalize

Wiki tuliyomzika Papa, baba yetu, mke wa Anko Abdi alituletea chai kila asubuhi katika chupa kubwa ya bluu. Chai ya Kisomali, yenye iliki, mdalasini na karafuu, na sukari ya kumwamsha aliyezimia. Waombolezaji waliisifu sana. Mimi kila kifuniko kilipofunguliwa nilitafuta kisingizio cha kwenda jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Watu walidhani ni uchungu wa msiba. Uchungu ulikuwepo, sikatai. Lakini harufu ile kwangu ni harufu ya sebule ya Anko Abdi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale Great Barr, Birmingham, jioni moja ya mwezi Machi nilipokuwa na miaka tisa, televisheni yake ikiwa kubwa kuliko dirisha letu, na wanaume wawili wa Marekani wakitangaza mpira wa kikapu.

Wenzangu mliolelewa hapa na wazazi wasiojua Kiingereza mtanielewa haraka. Sisi tulikuwa wakalimani kabla hatujang'oka meno ya utoto. Barua ya halmashauri, wewe. Daktari, wewe. Mwalimu mkuu akimwita mzazi ili alalamike juu yako, ni wewe uliyekaa katikati unatafsiri malalamiko hayo. Nakiri kwamba katika kikao cha namna hiyo Papa aliwahi kuambiwa kuwa binti yake ana akili nyingi mno.

Kwetu kazi hiyo ilikuwa na heshima ya pekee, maana Papa kule Bukavu alikuwa mtafsiri wa kanisa. Wahubiri wageni walipokuja na Kifaransa chao, yeye ndiye aliyesimama upande wao wa kuume, hatua moja nyuma, akigeuza kila neno kuwa Kiswahili. Mhubiri akinyanyua mkono, naye ananyanyua. Mhubiri akilia, naye analia, kisha anafuta machozi kabla ya mhubiri ili asipitwe na sentensi. Alinifundisha sheria zake tatu kama wazazi wengine wanavyofundisha watoto kunawa mikono. "Usiongeze. Usipunguze. Na ungoje mutu amalize." Ya tatu ndiyo aliyoishikilia zaidi. Alisema mtafsiri mwenye haraka anamziba mhubiri mdomo, kwa sababu watu hawawezi kusikia sauti mbili kwa pamoja.

Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu, Mugisho. Mama alifariki tukiwa katika kambi ya wakimbizi Uganda, nikiwa bado natambaa, na Mugisho, aliyenizidi miaka kumi, ndiye aliyenibeba mgongoni na kunitafunia mahindi. Tulipofika Birmingham alijifunza kunisuka nywele kwa kuwatazama akina mama wa kanisani. Alisuka vibaya, mistari ilikwenda kama njia ya mlevi, nami nilitembea nayo shuleni kwa maringo. Kisha akarefuka. Akarefuka mpaka akawa anainama milangoni, akaanza kucheza mpira wa kikapu na vijana wa mtaa, na siku moja mtu mmoja akamwona, na chuo kimoja cha Marekani kikamwita akasome bure na kuwachezea. Papa alimshukuru Mungu kwa siku tatu. Mimi sikumshukuru mtu. Niliona kwa macho yangu mgongo ulionibeba ukipita mlango wa kiwanja cha ndege bila kugeuka. Baadaye aliniambia hakugeuka kwa sababu alikuwa analia, lakini mtoto wa miaka minane angejuaje?

Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Aliongea na Papa hadi sikio la Papa likapata moto. Kwangu yalibaki maneno mawili: unasoma, unakula. Nilichokisikia kilikuwa na jina, wivu, ila sikulijua.

Ndipo Anko Abdi alipogonga mlango wetu na habari. Alikuwa Msomali wa Nairobi, dereva wa teksi, mtu aliyeufahamu kila mchezo unaochezwa chini ya jua.

"Mzee, kijana wako ataonyeshwa kwa TV! Ni ile tournament ya macollege. Ukifungwa mara moja, umeenda nyumbani. Kujeni kwangu, dish iko."

Mechi ya kwanza ilikuwa Alhamisi, jioni yetu, mchana wao. Papa aliketi kwenye ncha ya kochi akiwa amevaa koti lake la Jumapili, nami nikasimama kuume kwa televisheni, hatua moja nyuma, kama nilivyofundishwa. Hapo ndipo nilipokutana na watangazaji.

Walikuwa wawili mezani na mmoja pembeni. Wa kwanza nilimpa jina la Haraka, kwa sababu alisema maneno kumi mpira ukiwa bado hewani, na sauti yake ilipanda ngazi kadiri mchezaji alivyokaribia goli. Wa pili nilimwita Kifua. Alikuwa kocha mzee aliyestaafu, mwenye kikohozi, na kazi yake ilikuwa kuchora mistari ya njano juu ya skrini na kueleza kwa nini kila mtu amekosea. Wa pembeni alikuwa mwanamke mwenye kipaza sauti aliyesimama ukingoni mwa uwanja. Huyu hakusema habari za mpira hata kidogo. Alisema habari za watu. Mama wa huyu hufagia maofisi. Babu wa yule alifariki wiki jana. Mmoja ana mbwa mzee anayelala juu ya viatu vyake, na mbwa huyo akatajwa kwa jina lake.

Nilifanya hesabu zangu za kitoto. Niliamini kwamba kabla ya mechi kila mchezaji humpa yule mwanamke karatasi yenye orodha ya watu wake, naye husoma kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo aliyetajwa anapendwa, na asiyetajwa hapendwi. Mbwa ametajwa. Nilisubiri jina langu mechi nzima. Mugisho aliingia kwa dakika chache tu, na Haraka akasema ni kijana aliyezaliwa Kongo na kukulia Birmingham, Uingereza. Basi.

"Banasema nini?" Papa akauliza.

Niliona sura yake ilivyokuwa na njaa, nikatia chumvi. "Wanasema anatoka Birmingham, na ana adabu sana."

"Banasema ana adabu?"

"Ndiyo, Papa."

Ijumaa nzima aliwapigia watu wa kanisa simu kuwaambia kuwa televisheni ya Marekani imesema mtoto wake ana adabu. Sikuona aibu. Niliona jambo jingine, kwamba chochote nikisemacho nikiwa nimesimama kando ya ile televisheni, Papa anakila kizimakizima.

Jumamosi tukarudi. Mechi ilianza saa kumi na kitu, mvua ikinyesha, barabara kuu ya M6 ikivuma nyuma ya nyumba kama kawaida yake. Mke wa Anko Abdi alileta chai na sambusa. Safari hii Mugisho alianza tangu mwanzo, kwa sababu mwenzake alikuwa ameumia, na alicheza kama mtu aliyetumwa. Haraka alishindwa na jina lake, akalitamka kwa namna tatu, na kila mara Papa alicheka na kumrekebisha, "Mu-gi-sho, ndugu," kana kwamba angesikika.

"Ona huyu kijana!" Anko Abdi alikuwa akisema. "Anafukuza mtu kama askari wa kanjo akiona mchuuzi!"

Nilitafsiri vizuri siku hiyo. Nataka hilo lijulikane. Kifua aliposema Mugisho ana mikono mizito, nilisema ana mikono mizito. Haraka alipopaza sauti, nami nilipaza, na Papa alinitazama kwa macho ya mwalimu aliyepata mwanafunzi. Lakini kila yule mwanamke aliposhika kipaza sauti nilisimamisha pumzi, na kila mara alisema habari za mtu mwingine. Jina la mbwa lilirudiwa, eti siku hiyo hakula.

Zilibaki sekunde chache, timu ya Mugisho ikiwa nyuma kwa pointi moja. Magharibi ilikuwa imeingia, na Anko Abdi alikuwa chumba cha nyuma akiswali upesiupesi, Mungu amsamehe. Mugisho aliangushwa chini ya goli, akapewa mitupo miwili, ile ya kusimama peke yako na kila mtu akikutazama. Wapinzani wakaomba mapumziko. Kamera ikamwonyesha kocha, mwanamume mnene mwenye kipara, amemkumbatia Mugisho shingoni, vipaji vya nyuso vimegusana. Haraka akasema kwamba mwenzao wa pembeni ana habari za kijana huyu. Hii sasa ndiyo karatasi yetu.

Mwanamke akasema kwamba asubuhi ya leo Mugisho amemwambia kuwa kocha huyu amekuwa baba kwake. Kisha akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi fupi tu. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa kila kitu. Karatasi ya Mugisho ilikuwa na jina la kocha. Papa hakuwemo, mimi sikuwemo. Hata kwa mbwa sikufika. Hasira ilinipanda hadi masikioni, nikafungua mdomo.

"Wanasema baba yake ni huyu kocha. Mugisho mwenyewe amesema. Amesema hana mwingine."

Nyuma yangu yule mwanamke alikuwa akiendelea. Niliisikia sauti yake kama unavyosikia redio ya jirani, bila maneno, kwa sababu sauti yangu ilikuwa juu.

"Rudia," Papa akasema.

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi, hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

"Amesema yeye mwenyewe? Njo vile?"

"Yeye mwenyewe, Papa."

Mugisho akatupa wa kwanza, ukaingia. Akatupa wa pili, ukaingia. Haraka alipiga kelele mpaka sauti ikampasuka, vijana wakamrukia kaka yangu wakamwangusha, na katika sebule ile Papa alikuwa anafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, kuanzia chini.

Anko Abdi akatokea mbio, kofia ya swala ikiwa kichwani bado. "Wameshinda? Mzee, unaenda wapi na kijana ndio amemaliza mechi?"

"Ule ni mutoto ya kocha," Papa akasema kwa upole. "Acha kocha ashangilie."

Anko Abdi alinitazama. "Kwani wamesema nini kwa TV?"

"Sijui," nikajibu. Papa alikuwa amekwisha kutoka nje kwenye mvua bila kunishika mkono.

Nawaapia, nilitaka Papa akasirike kidogo tu. Mimi nikikosea nililazwa mapema, asubuhi nikaamka kosa limekwisha, nikapewa uji. Nilidhani hasira zote ziko hivyo. Sikujua kwamba kuna maneno ambayo mtu huyaamini upesi kwa sababu ndiyo hasa aliyokuwa akiyaogopa. Papa hakuwahi kumnunulia Mugisho viatu vya kuchezea, vilitoka kwa watu wengine. Hakuwahi kumwona akicheza uwanjani, maana kila Jumamosi asubuhi, vijana walipocheza, alisafisha wodi za hospitali. Nilimpa Papa sentensi aliyokwisha kujisemea mwenyewe.

Simu ililia Jumapili. Papa aliitazama. "Ongea weye," akaniambia.

"Papa yuko wapi?" Mugisho akauliza. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeweka zawadi mezani anangoja ifunguliwe. "Aliona mechi? Mulisikia yote?"

"Tulisikia," nikasema. "Papa amechoka."

Papa akachoka Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Timu yao ilikuwa imefungwa katika mechi ya tatu, na Mugisho alidhani labda ni kwa sababu hiyo. Mtu akikataliwa simu miezi mitano anaacha kuuliza. Walipoanza kuongea tena, waliongea kama watu wanaongoja daktari. Alipooa kule, Papa alisema miguu yake haiwezi ndege, akatuma kitenge. Mugisho alipokuja na mke na watoto, Papa aliwapakata wajukuu vizuri, akawaombea, kisha kabla ya chakula alimuuliza mwanawe swali lilelile kila safari. "Kocha hajambo?" Na Mugisho, akidhani ni heshima, alijibu, "Hajambo, Papa, anakusalimia." Nilikuwepo mezani. Nilipitisha wali.

Ungedhani ningesema nilipokua. Nilipofika miaka kumi na tano niliogopa kipigo ambacho Papa hakuwahi kunipiga. Nilipofika ishirini nilijiambia kwamba yamezeeka. Mungu naye ana utani, kazi niliyoipata ni ukalimani, hospitalini, kwa kiapo. Nimewatafsiria wageni wa kila namna habari nzito za maisha yao, na sijaongeza wala kupunguza neno. Nyumbani nilizima televisheni kila mpira wa kikapu ulipotokea.

Mwishoni Papa alilazwa, na daktari akaja kusema yale ambayo madaktari huja kusema. Kulikuwa na mkalimani wa zamu, lakini Papa alimkataa. "Huyu hapa," akasema, akininyooshea kidole. "Usiongeze, usipunguze." Nikamtafsiria kifo chake, sentensi kwa sentensi, na sauti haikutetemeka. Daktari alipotulia kidogo nikamwinamia, nikasema, "Papa, kuna kitu nataka kukuambia." Akanyanyua kidole kile kile. "Ngoja," akasema. "Daktari hajamaliza." Kweli alikuwa hajamaliza. Alipomaliza Papa alikuwa amesinzia, na mimi, badala ya kuvuta kiti, nilivaa koti nikaenda nyumbani. Nilisema kesho. Siku sita zilibaki, na kila siku nilisema kesho.

Sasa tulikuwa siku ya nne ya matanga, mchana, katika sebule yetu. Mugisho alikuwa sakafuni ameegemea ukuta, magoti yamefika kidevuni, maana hakuna kiti chetu kinachomtosha. Shangazi Nabintu, dada mkubwa wa Papa, aliyekuja Birmingham miaka mitatu tu iliyopita na bado anaomba asaidiwe kusoma namba ya basi, alikuwa kwenye kochi, uso umejikunja kwa kulia. Anko Abdi, mzee sasa, fimbo mkononi, akataka kuwachangamsha watoto.

"Mnajua baba yenu alikuwa kwa TV? Alishinda mechi akiwa hapo kwa sebule yangu!"

Mtoto wa Mugisho alitafuta kwenye simu kidogo. "Dad, I found it," akasema, na kabla sijapata kisingizio cha vikombe picha ikawa imerushwa kwenye televisheni. Kumbe vitu hivi havifi. Haraka akaanza kupiga kelele zake, Kifua akakohoa, na Mugisho mwembamba wa miaka kumi na tisa akaanguka chini ya goli.

"Banasema nini?" Shangazi akauliza, na watu wote wakageuka kunitazama.

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilijikuta kuume kwa televisheni, hatua moja nyuma. Nikatafsiri kelele za Haraka. Nikatafsiri mapumziko. Kamera ikamwonyesha kocha mwenye kipara, na yule mwanamke akaanza.

"Anasema, asubuhi ya leo Mugisho ameniambia kuwa kocha huyu amekuwa baba kwake."

Mwanamke akavuta pumzi. Nikafunga mdomo, nikangoja.

Akaendelea. Aliongea kwa muda wa kutosha mtu kumimina kikombe cha chai. Nilimngoja mpaka alipomaliza, na nilipofungua mdomo sauti ilikuwa ya mtoto.

"Anasema, halafu akanirekebisha. Akasema, andika kama baba, usiandike baba. Baba yangu yuko Birmingham, na atakuwa anatazama. Hajui Kiingereza, lakini nina dada mdogo, anasimama kando ya televisheni na kumtafsiria kila neno. Kwa hiyo chunga utakalosema juu yangu, akaniambia, maana yule haongezi wala hapunguzi."

Mugisho akatupa, ukaingia. Akatupa tena, ukaingia. Watoto wakashangilia kana kwamba ni leo.

Shangazi Nabintu alikuwa analia upya, lakini kilio kingine, kile chepesi. "Asante Mungu," akasema. "Kumbe ndugu yangu alisikia ile yote. Mutoto yake alimutaja mbele ya dunia, na alisikia."

Mugisho alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa ananitazama mimi, na kwenye mdomo wake kulikuwa na tabasamu la mtu aliyetuliwa mzigo. "Miaka yote nilijiuliza," akasema. "Sikutaka kumuuliza, nilisikia haya. Kwa hiyo alisikia."

Chupa ya bluu ilikuwa wazi mezani na harufu ya iliki imejaa chumba kizima. Ningeweza kunyamaza. Wote wangelala salama usiku huo, na mimi nimezoea.

"Hakusikia," nikasema. "Nilikuwa naongea mimi."